Sisi Tulikua na Minyoo, Mbona Hatukufa?



Leo nataka kujibu swali moja. Niliulizwa swali hili makaburini, nami siku ile sikuwa na jibu. Aliyeniuliza ni mama mzee, tate wa mtoto tuliyekuwa tumemzika saa ile. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye miaka minne.

Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa, wala sitaficha kosa langu. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, mama wa mtoto alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Akasema, «Munganga, jana usiku mtoto ametapika mnyoo mrefu, na tumbo linamwuma.» Mimi nilikuwa na haraka, maana nilingojwa kuhubiri katika kijiji cha pili. Nikamjibu, «Mama, watoto wote wana minyoo. Umlete Jumatano, siku ya kliniki.» Sikumlaza mtoto, wala sikumgusa tumbo. Nikaenda zangu kuhubiri.

Nyumbani walimpiga bomba la dawa ya majani kwa nyuma, mara mbili. Jumanne usiku wakamleta kwa kipoyi. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Alitapika maji ya kijani, na tangu jana yake hakupata choo wala upepo. Daktari akampasua usiku uleule. Akakuta minyoo imejisokota pamoja kama kamba, imeziba utumbo kabisa, na sehemu ya utumbo ilikuwa imekwisha kuoza. Alhamisi asubuhi mtoto akafa.

Tulipomaliza kumzika, tate wake akanishika mkono. Akasema, «Mwanangu Munganga, mimi nilikua na minyoo. Mama yake alikua na minyoo. Watoto wote wa kijiji wana minyoo, nao wanacheza. Mwili huizoea. Mbona huyu amekufa?»

Wengine waliosimama pale walijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu tu. Wengine hawakujibu kitu, ila walianza kumtazama jirani mmoja, mjane, kwa macho mabaya. Ninyi mnajua macho ya namna hiyo huishia wapi. Basi swali la yule mama mzee halikuwa neno dogo. Kama hatuna jibu la kweli, watu watatafuta jibu la uongo, na mtu asiye na kosa ataumizwa.

Jibu lenyewe ni hili. Fuateni pamoja nami polepole.

Neno la tate lina ukweli ndani yake

Yule mama mzee hakusema uongo. Mungu alipouumba mwili aliuwekea walinzi. Hata mtoto mdogo anao. Tutawataja kwa mpangilio, kama mtu anayeingia mji wenye malango mengi.

Lango la kwanza ni tumbo lenyewe. Ndani yake mna maji makali ambayo huua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na chakula. Lango la pili ni ute unaoteleza juu ya ngozi ya ndani ya utumbo. Ute huu huwazuia wageni wasishike. Utumbo nao hujikunja na kusukuma, ili kuwatoa nje. Lango la tatu ni damu. Katika damu mna chembe nyeupe, nazo ni kama askari. Wako askari wanaomeza vijidudu, na wako wanaotengeneza silaha za kumshika adui fulani na kumkumbuka akirudi tena.

Basi, walinzi wapo. Lakini mnyoo si adui wa kawaida. Kijidudu cha homa ni kidogo sana, hata askari mmoja wa damu anaweza kukimeza. Mnyoo mkubwa wa tumbo, ule mweupe unaofanana na mnyoo wa shambani, unaoitwa askarisi, una urefu wa sentimeta 20 hadi 35. Ni askari gani atakayeweza kumeza kitu kama hicho? Ndiyo maana mwili hupigana na minyoo kwa njia nyingine. Askari wengi huwazunguka watoto wa minyoo wakiwa bado wadogo na kuwamwagia sumu. Utumbo hutoa ute mwingi zaidi na kusukuma kwa nguvu zaidi.

Vita hivi huenda polepole. Mwili wa mtoto hujifunza mwaka kwa mwaka. Katika nchi zenye askarisi nyingi, watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio kwa kawaida wanaobeba minyoo mingi kuliko wote. Wakiwa watu wazima, minyoo hiyo hupungua. Sababu ni mbili. Mtu mzima hachezi mavumbini wala hatii vidole vyenye udongo kinywani. Tena mwili wake umekwisha kujifunza kiasi. Hapo tate alikuwa na haki.

Lakini kinga ya minyoo si kama kinga ya surua

Wazazi wengi hufikiri hivi: mtoto akiugua surua na kupona, hataugua surua tena. Basi akiugua minyoo, atakuwa na nguvu juu ya minyoo. Sivyo. Kinga ya surua ni kama mlango uliofungwa kwa ufunguo. Kinga ya minyoo ni kama ua wa matete: huzuia wengine, lakini wengine hupenya. Mtu anaweza kutoa minyoo leo, akameza mayai kesho, akawa nayo tena.

Tena minyoo ina werevu. Hutoa maji fulani ambayo hutuliza askari wa mwili, kama mwizi anayemtupia mbwa nyama ili asibweke. Kwa hiyo askarisi huweza kukaa ndani ya mtu mwaka mmoja au zaidi bila kufukuzwa. Hata sasa hakuna chanjo ya minyoo ya tumbo kwa watu. Mtu akikuuzia sindano sokoni akisema ni chanjo ya minyoo, anakudanganya.

Safari ya mnyoo mmoja

Ili mfahamu kwa nini mtoto mdogo yuko hatarini, ni lazima mjue safari ya mnyoo.

Mnyoo jike huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja. Hayaonekani kwa macho. Hutoka pamoja na mavi na kuingia udongoni. Yakiwa mabichi hayawezi kumdhuru mtu. Yakikaa katika udongo wenye unyevu na kivuli kwa majuma mawili, matatu au zaidi, hukomaa. Ganda lao ni gumu sana. Baridi haiyaui, wala dawa ya klorini tunayotia katika maji haiyaui. Yanaweza kungoja udongoni kwa miaka. Moto huyaua, na jua kali la ukavu huyadhoofisha.

Mtoto huyameza kwa vidole vyake, kwa muhogo mbichi usiooshwa, kwa embe lililoanguka chini. Mayai hupita lango la kwanza, kwa kuwa ganda ni gumu, nayo huanguliwa katika utumbo. Kijinyoo hutoboa utumbo, huingia katika damu, hupita katika ini, hufika mapafuni. Hupanda kwa njia ya pumzi hadi kooni, mtoto hukimeza mara ya pili, nacho hurudi utumboni kukua. Tangu kumezwa kwa yai mpaka mnyoo mpya kuanza kutaga ni miezi miwili au mitatu hivi.

Msidhani hii ni hadithi. Katika mwaka wa 1922 daktari wa Japani aliyeitwa Koino alimeza kwa hiari yake mayai 2,000 ya askarisi ili aone yatakayompata. Baada ya siku chache alishikwa na homa na kikohozi kikali, na katika makohozi yake akawaona watoto wa minyoo. Kwa hiyo mtoto anayekohoa na kubanwa kifua anaweza kuwa na vijinyoo vinavyopita mapafuni.

Shikeni neno moja hapa. Askarisi haizaani ndani ya tumbo ikaongezeka. Kila mnyoo ulioko tumboni ulitoka katika yai lililomezwa. Mtoto mwenye minyoo mia amemeza mayai mia au zaidi. Hakuna aliyemtupia kwa usiku, wala kwa maneno, wala kwa jicho. Mayai hayo yalitoka katika mavi ya watu yaliyoachwa juu ya ardhi.

Mtoto mchanga na zawadi ya mama

Mama mmoja aliniambia, «Mtoto akiwa mchanga hana minyoo, basi Mungu humzaa na kinga kamili, halafu sisi tunaiharibu.» Nikamwuliza, «Mama, mtoto wa miezi mitatu hukaa wapi?» Akasema, «Mgongoni mwangu.» Nikamwambia, «Umejibu mwenyewe.» Mtoto mchanga hana minyoo mingi kwa kuwa hajashuka chini. Siku atakapoanza kutambaa na kutia kila kitu kinywani, ndipo mayai yatakapomfikia, na siku hiyo askari wake bado hawajajifunza vita.

Hata hivyo mtoto mchanga anayo zawadi kubwa, ndiyo maziwa ya mama. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano ambayo wengine huyakamua na kuyatupa, yamejaa silaha ambazo mwili wa mama umekwisha kuzitengeneza. Silaha hizo husimama utumboni mwa mtoto kama walinzi wa kuazima, mpaka apate walinzi wake.

Katika mwaka wa 1983 wataalamu wa Marekani walichukua vijidudu viwili vya tumbo, amiba na giardia, wakavitia katika maziwa ya mama ndani ya vyombo vya majaribio. Vikafa. Walipoijaribu giardia katika maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi, nguvu hiyo karibu haikuonekana. Baadaye ilijulikana kwamba mafuta yaliyomo katika maziwa ya mama yakivunjwa hutoa kitu kinachoviua vijidudu hivyo. Basi mama, usimnyime mtoto kitu ambacho hakiuzwi dukani. Mnyonyeshe tangu saa ya kwanza. Miezi sita ya mwanzo mpe maziwa yako tu, bila maji, bila uji, bila chai ya majani. Halafu mwongezee chakula, ukiendelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi.

Lakini mfahamu vizuri: maziwa hupigana na vijidudu vya kuharisha. Hayawezi kumlinda mtoto anayetambaa juu ya udongo wenye mayai ya minyoo.

Kwa nini huyu na si yule

Sasa tunakaribia swali la tate. Watoto kumi wanacheza uwanja mmoja. Mbona mmoja anabeba minyoo mingi mno, na wenzake michache?

Wataalamu waliohesabu minyoo katika vijiji vingi vya dunia wameona jambo lilelile. Minyoo haigawanyiki sawasawa. Watu wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote ya kijiji, na wengine wengi hubeba michache. Sababu ni nyingi. Mtoto mmoja hula udongo kuliko wenzake. Nyumba moja haina choo. Mtoto mmoja amedhoofika kwa njaa. Tena wako wanaozaliwa na kinga dhaifu juu ya minyoo. Katika nchi ya Nepal, wataalamu walichunguza kabila la Wajirel, na katika mwaka wa 1999 walitangaza kwamba theluthi moja hadi nusu ya tofauti ya wingi wa askarisi kati ya mtu na mtu ilitokana na urithi wa ukoo.

Kwa hiyo usimpime mtoto mmoja kwa mwingine. Usiseme, «Kaka yake alikula udongo na hakuugua.» Huyu si kaka yake.

Tena liko jambo la kusikitisha katika neno hili, «sisi tulikua nayo, hatukufa.» Ni nani wanaolisema? Ni wale waliobaki. Wale waliokufa wakiwa na miaka miwili au minne hawaketi nasi barazani kutoa ushuhuda wao. Nilipomweleza tate hivyo, alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akahesabu kwa vidole: ndugu zake wawili, na mtoto wake wa pili. «Walivimba tumbo,» akasema. Sisemi wote watatu walikufa kwa minyoo, maana tumbo huvimba kwa mambo mengi. Lakini yeye mwenyewe aliona kwamba kuzoea kulikuwa na bei, na watoto ndio walioilipa.

Minyoo ambayo mwili hauizoei

Sikilizeni na hili. Askarisi hupungua kwa watu wazima, lakini uko mnyoo mwingine mdogo, wenye urefu wa sentimeta moja hivi, unaoleta safura. Huo hauingii kwa kinywa tu. Vijinyoo vyake hungoja katika udongo wenye unyevu, vikatoboa ngozi ya miguu isiyo na viatu. Katika utumbo hujishika na kunywa damu. Mnyoo huu mara nyingi hauwapungui watu wazima. Mama anayelima miguu mitupu anaweza kuwa nao mwingi kuliko mtoto wake.

Mnyoo mmoja wa aina moja humpotezea mtu karibu mililita 0.03 ya damu kwa siku, na wa aina nyingine hadi mililita 0.2. Ni tone dogo. Lakini minyoo 100 ya aina hii ya pili inaweza kumpotezea mtu mililita 20 kila siku, yaani vijiko vinne vidogo vya damu. Je, mama mwenye mimba atazoea hilo? Mtoto anayekua atazoea? Huchoka, moyo humwenda mbio, viganja na ndani ya kope huwa vyeupe. Shuleni mwalimu humwita mvivu, naye si mvivu. Hana damu.

Uko tena mnyoo mwembamba kama uzi, unaokaa katika utumbo mpana. Ukiwa mwingi, mtoto huharisha damu na kamasi, na pengine nyama ya utumbo hutoka nje akijikaza chooni. Huyo msimpake majani. Mleteni.

Chakula ni mshahara wa askari

Askari asiyelipwa hapigani. Mtoto asiyekula vizuri hawezi kutengeneza silaha za damu, na ngozi ya ndani ya utumbo wake huwa dhaifu. Hapo minyoo hushinda. Nayo ikishinda humnyang'anya chakula na vitamini A, naye huzidi kudhoofika. Ni duara mbaya.

Bugali peke yake haitoshi. Mpe mtoto sombe iliyopikwa vizuri pamoja na karanga na mawese. Mpe maharagwe, lengalenga, ndagala, yai la kuku ambalo mara nyingi tunaliuza badala ya kumpa. Papai lililoiva na mawese mekundu vina vitamini A. Haya yote yako katika mashamba yetu na masoko yetu.

Dawa hufukuza, lakini hailindi mlango

Dawa za minyoo tulizo nazo leo ni njema. Albendazole na mebendazole hutolewa mara moja tu, kidonge kimoja. Shirika la Afya Duniani, yaani OMS, linashauri kwamba mahali penye minyoo mingi watoto wapewe tangu wafikishe miezi 12, mara moja kwa mwaka, au mara mbili pale minyoo ilipozidi. Mebendazole ni miligramu 500. Albendazole ni miligramu 400, lakini mtoto wa miezi 12 hadi 23 hupewa nusu, miligramu 200. Mama mwenye mimba asipewe katika miezi mitatu ya kwanza.

Mtoto mdogo asimeze kidonge kizima. Kisageni na kukichanganya na maji kidogo. Akilia na kukataa, msimbane pua wala msimlaze chali na kumimina kwa nguvu, maana watoto wamepaliwa na kufa namna hiyo. Ngojeni atulie.

Lakini dawa ni kama kufagia nyumba. Hutoa takataka ya leo. Mlango ukiachwa wazi, takataka ya kesho itaingia. Mtoto aliyepewa dawa akarudi katika uwanja uleule wenye mavi atakuwa na minyoo tena baada ya miezi michache. Kwa hiyo msiseme, «Dawa ya hospitali haina nguvu.» Ina nguvu, lakini haijengi choo.

Tujenge ukuta

Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu, adui walimtishia. Alifanya nini? Alimwomba Mungu, tena akaweka walinzi usiku na mchana. Hakusema, «Nimeomba, walinzi wa nini?» Wala hakusema, «Nina walinzi, ukuta wa nini?» Alishika yote matatu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Tumwombee mtoto. Tuwape askari wa mwili wake chakula na dawa. Tujenge ukuta.

Ukuta wa minyoo ni choo. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 23. Waisraeli waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi pa kujisaidia, na kifaa cha kuchimbia, ili wafukie uchafu wao. Basi kila nyumba ya Mkristo iwe na:

1. Choo cha shimo chenye kina cha mita mbili au tatu na kifuniko, upande wa chini wa kisima au chemchemi, na mbali nayo mita 30 au zaidi.

2. Mavi ya watoto yatiwe chooni. Wengi hufikiri mavi ya mtoto ni safi. La. Watoto ndio wenye askarisi nyingi kuliko wote, na mavi yao yana mayai mengi kuliko ya wakubwa.

3. Maji na sabuni karibu na choo na karibu na jiko. Kama sabuni hakuna, tumieni majivu. Mikono ioshwe baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kula. Kucha za watoto zikatwe.

4. Matunda na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi na kumenywa. Maji ya kunywa yachemshwe.

5. Viatu miguuni, hata kandambili za bei ndogo, hasa shambani na chooni.

6. Mkeka safi au kitambaa chini ya mtoto anayetambaa, na uwanja uliofagiwa.

Usingoje siku ya kliniki

Hapa naandika kwa machozi. Mleteni mtoto saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe Jumapili, mkiona moja la mambo haya: tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika kila mara, au anatapika maji ya kijani, au anatapika minyoo, hapati choo wala upepo, tumbo linamkata huja na kwenda mpaka anajikunja, anaharisha damu, amekuwa mweupe viganjani na anahema upesi.

Msimpige bomba la dawa. Msimpe dawa ya minyoo nyumbani wakati tumbo limeziba. Msimpe chakula. Mleteni tu. Na mkinikuta mlangoni pa kanisa nina haraka, mnikamate nguo, mniambie, «Munganga, mguse tumbo kwanza.» Sitakasirika.

Jibu nililompelekea tate

Juma moja baada ya maziko nilikwenda nyumbani kwao pamoja na wazee wawili wa kanisa. Kwanza niliomba msamaha mbele ya mama wa mtoto kwa neno nililomjibu Jumapili ile. Alilia, nami nikalia. Halafu tukatembea uwanjani. Hapakuwa na choo. Nyuma ya jiko, chini ya migomba, watoto walijisaidia, na palepale walichezea udongo. Sikuwa na haja ya kusema maneno mengi. Tate aliangalia chini, akaangalia kwa yule mjane ng'ambo ya ua, akasema kwa sauti ili wote wasikie, «Basi kosa halikutoka kule. Limetoka hapa.» Akavuka mwenyewe kwenda kumsalimu.

Choo cha kwanza katika mtaa ule kilichimbwa uwanjani mwake. Wajukuu wake waliozaliwa baadaye hupewa dawa ya minyoo kila kampeni, naye ndiye anayewaongoza kwenda. Akina mama vijana wakisema mbele yake kwamba mtoto atazoea, yeye huwajibu kabla yangu.

Ndugu, Mungu hakumpa mtoto kinga ili sisi tukae bure. Alimpa kinga kidogo utotoni, na wazazi wa kumlinda mpaka kinga hiyo ikue. Sisi ndio sehemu ya kinga yake.

*Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika mkutano wa akina mama:*
Je, mavi ya mtoto wetu mdogo hutupwa wapi? Mtoto wetu alipewa dawa ya minyoo lini? Ni jirani gani asiye na choo, ambaye tunaweza kumsaidia kuchimba Jumamosi hii?